Je, daraja ni sifa ya robota lenyewe?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa stoo ya mkonge hapa Tanga, na jioni nasoma kozi ya kompyuta. Tunahamisha daftari la stoo kuliingiza kwenye kanzidata na tumekwama. Mwenzangu anataka kila robota, yaani furushi la mkonge lililofungwa, liandikiwe sifa zake: uzito, urefu wa singa (nyuzi za mkonge), rangi, daraja, bei. Mimi nambishia kwamba daraja na bei si sifa za robota, ni mambo ya watu. Katika kutafuta nimekuta falsafa inazungumzia 'sifa zisizo za uhusiano', na darasani tumefundishwa 'kanzidata zisizo za uhusiano'. Ni jambo moja? Na kweli ipo sifa ambayo kitu kinayo chenyewe, bila kutegemea kingine chochote? Msomaji, Ngamiani."

Marahaba, mwanangu. La jepesi kwanza: si jambo moja. "Uhusiano" wa mwanafalsafa na "uhusiano" wa fundi wa kanzidata ni kama watu wawili wa mtaa mmoja wenye jina moja, kila mara barua ya huyu inaangukia kwa yule. Nitawatenganisha huko mbele. Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, na nimefurahi kwamba limetoka stoo. Miaka yote niliyofundisha mantiki nilihangaika na mifano ya meza na viti, kumbe mfano mzuri ulikuwa unapita barabarani juu ya malori.

Tuseme usiku huu, wewe umelala, bei ya mkonge imeanguka kwenye soko la nje. Asubuhi unafungua stoo na robota lako limekuwa rahisi. Limefanywa nini? Hakuna aliyeligusa, hakuna singa iliyokatika, hata vumbi la juu yake ni lile la jana. Sasa tuseme badala yake ni masika na paa linavuja. Singa zimenyonya maji, na robota limeongezeka kilo kadhaa. Hapo robota lenyewe limebadilika. Mambo yote mawili tunayaelezea kwa sentensi za namna moja, "robota limekuwa rahisi", "robota limekuwa zito", na sarufi haitupi onyo lolote. Mwanafalsafa Peter Geach wa Uingereza aliyaita yale ya kwanza mabadiliko ya Cambridge, mwaka 1969, akiwachokoza wanafalsafa wa chuo kile wa kizazi kilichomtangulia. Kipimo chao kilikuwa kilegevu mno: jambo likiwa kweli juu ya kitu jana, na leo likiwa si kweli, basi kitu kimebadilika. Kwa kipimo hicho, dada yako akijifungua hospitali ya Bombo saa nane za usiku, wewe uliyelala fofofo Ngamiani umebadilika, kwa sababu umeamka mjomba.

Angalia pia kwamba maji ya masika yametoka nje ya robota, na hilo halikulifanya badiliko kuwa la uhusiano. Wanafunzi wangu walikuwa wakiteleza hapa mwaka hata mwaka. Sifa inaweza kuletwa na kitu kingine na bado ikawa ya kitu chenyewe. Kovu limeletwa na panga, lakini panga likishatupwa baharini kovu linabaki mguuni. Swali la sifa imetoka wapi ni tofauti na swali la sifa imekaa wapi.

Mkoa wetu wote umeishi mfano huu. Mkonge uliingia mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 tulikuwa tunazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na hakuna nchi iliyotupita. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hatukufika hata tani 30,000. Sababu ni nyingi, utaifishaji wa 1967 na uendeshaji wa mashamba vimo, lakini kubwa ni kwamba viwanda vya ng'ambo viligundua kusuka kamba za plastiki. Chukua singa ya mwaka 1964 na singa ya mwaka 1990, zote za urefu mmoja na ukavu mmoja, uzivute mpaka zikatike. Hutaona tofauti ya maana. Mkonge haukupungukiwa na kitu, kilichopungua ni haja ya watu juu yake. Wazee waliosema "mkonge umekufa" walikuwa wanaeleza uhusiano kwa maneno ya ugonjwa.

Sasa kipimo. Mwaka 1982 Jaegwon Kim, mzaliwa wa Korea aliyefundisha Marekani, alitoa kimoja ambacho hata mtoto anaweza kukitumia. Fikiria robota lako liko peke yake katika ulimwengu mzima. Hakuna stoo, hakuna Tanga, hakuna mnunuzi, hakuna jua wala ardhi. Kisha pitia sifa moja moja ukiuliza: linaweza kuwa nayo hata hivyo? Kuwa na singa ndani yake, ndiyo. Kuwa na pembe nane, ndiyo. Kuwa ghali, hapana, ghali kwa nani? Kuwa la mwisho kupakiwa, hapana. Kuwa mali ya ushirika, hapana. Kuwa adimu nako hapana, na hapo namkumbuka silikanti, yule samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka tangu enzi za dinosari mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye tangu 2003 ananaswa kwenye nyavu za wavuvi wetu hapa Tanzania. Ukimtazama mwilini mwake hutaona mahali palipoandikwa "adimu".

Kipimo cha Kim kilitobolewa mwaka uliofuata. David Lewis aliuliza: na ile sifa ya kuwa peke yake, je? Robota lililo peke yake linayo, tena linapita mtihani bila shida. Lakini kuwa peke yako ni uhusiano mtupu, ni habari ya wengine kutokuwepo. Mkiwa hawi mkiwa kwa sababu ya umbo lake. Ikabidi kipimo kikazwe, na mwaka 1998 Rae Langton na Lewis wakakikaza hivi: sifa ya kitu chenyewe ni ile isiyojali kama kuna wengine au hakuna. Kitu kiweze kuwa nayo kikiwa peke yake, kiweze kuikosa kikiwa peke yake, kiweze kuwa nayo kikiwa na wenzake, na kiweze kuikosa kikiwa na wenzake. Yote manne yawezekane. "Kuwa peke yake" inaangukia kwenye la tatu, maana huwezi kuwa peke yako ukiwa na wenzako. Wenyewe walikubali kwamba kipimo kinazishika kwanza sifa za msingi, nyingine zijengwe juu ya hizo, na ubishi haujaisha mpaka leo. Kwa kazi ya stoo kinatosha.

Sisi Waswahili lugha yetu ilishaonja jambo hili kabla ya hao wote. Tunasema mamangu, babako, mumewe, nduguye, wifiye. Jina na mwenye nalo tunawabana ndani ya neno moja. Hatusemi "mezangu" wala "robotale". Kwa nini wifi abanwe na meza iachwe? Kwa sababu hakuna wifi mtupu. Ukiniambia "yule ni wifi", sikio langu linabaki linangoja, wifi wa nani? Uwifi una nafasi mbili, na moja ikiwa wazi sentensi haijakaa. Meza ni meza hata mwenyewe akiwa amehama mji. Wataalamu wa sarufi watanikumbusha kwamba washairi hubana na mengine, jinale, moyowe, machoye, na ni kweli. Ila tazama wanachobana: jina, moyo, macho, navyo ni vitu vya mtu. Washairi wana ruhusa zao hata hivyo, kwa hiyo siliweki hili kuwa kanuni.

Mahali lugha inapotuponza ni pale inapoificha nafasi ya pili. Chukua kauli yetu ya kutendeka. "Barabara ya shambani inapitika." Inapitika kwa pikipiki au kwa lori la tani kumi? "Sukari inayeyuka." Kwenye chai ndiyo, kwenye mafuta ya nazi utakoroga mpaka mkono uume. Katika karne ya 17 Robert Boyle alitoa mfano wa ufunguo na kufuli ambao haujachakaa. Ufunguo una uwezo wa kufungua mlango. Fundi akija akabadilisha kufuli, uwezo umetoweka, na ufunguo uko mfukoni mwako, haukupinda hata kidogo. Umbo la meno yake ni lake. Kufungua ni kwao wawili.

Msimamo wangu, kwa kuwa uliniuliza kama sifa hizi zipo, ni huu. Zipo. Ila ni chache kuliko tunavyodhani, na makosa mengi niliyoyaona katika taaluma mbalimbali si ya kukana kwamba zipo, bali ya kuchukua sifa ya nafasi mbili, kuifuta nafasi ya pili, na kuibandika kwa aliyebaki.

Tuanze na hilo neno "uzito" la daftari lako. Mwalimu yeyote wa fizikia atakukaba koo. Uzito ni mvuto wa dunia juu ya robota, kwa hiyo ni habari ya wawili. Robota la kawaida hapa kwetu ni kilo 250, na ili kulinyanyua mnaitana. Mwezini, ambako mvuto ni kama moja ya sita ya huu wetu, kijana mmoja mwenye mgongo mzima angelitweka. Hata bila kwenda mbali hivyo, chukua mizani ya springi iliyorekebishwa hapa Tanga uipeleke Ncha ya Kaskazini, na robota lilelile litasoma kilo 251 na ushei. Mizani ya mawe isingeona tofauti yoyote, kwa sababu mawe nayo yangevutwa zaidi. Kinachobaki palepale, Tanga, Ncha ya Kaskazini au mwezini, ni tungamo.

Tungamo basi ndilo la robota lenyewe. Lakini 250? Hapa pana kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kuanzia mwaka 1889 kilo moja haikuwa wazo, ilikuwa kitu: kipande kimoja cha platini na iridi kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Nchi zilikuwa na nakala. Nakala ziliporudishwa kulinganishwa nacho, baada ya kama karne moja, zikaonekana zimepishana nacho kwa kiasi cha mikrogramu 50. Nani amebadilika? Kwa tafsiri rasmi kipande cha Sèvres hakikuweza kubadilika. Hata kingepoteza chembe kwa kupanguswa, bado kilikuwa kilo moja kamili, na ulimwengu mzima, robota lako likiwemo, ndio ulioongezeka. Upuuzi huo kila mtu aliuona, na tarehe 20 Mei 2019 kilo ikafunguliwa kutoka kwenye kile kipande na kufungwa kwenye konstanti ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika popote.

Upuuzi wenyewe unatufundisha. Robota lina wingi wake wa kitu ndani, na wingi huo haujali Paris. Namba 250 ndiyo inayojali, kwa sababu namba ni matokeo ya kulinganisha. Wapo wanaosema kila sifa ni ya uhusiano kwa kuwa kila kipimo ni ulinganisho. Hao wanamchanganya mtu na picha yake.

Urefu wa singa unaonekana salama zaidi. Hata huo uliguswa mwaka 1905, Einstein alipoonyesha kwamba kwa mtu anayepita kwa kasi iliyo karibu na ya mwanga, singa ileile ni fupi. Mwendo wenyewe tulishaujua kuwa ni wa uhusiano tangu Galileo alipoandika mwaka 1632 juu ya mtu aliyefungiwa chumbani ndani ya meli, asiyeweza kujua kama imetia nanga au inakwenda. Yeyote aliyewahi kulala ndani ya jahazi la kwenda Pemba bahari ikiwa shwari anamwelewa. Bado lakini upo urefu wa singa ikiwa imetulia, na huo wapimaji wote wanaupata uleule. Ukishuka zaidi utakuta elektroni, na chaji yake na tungamo lake tuli, ambavyo havibadiliki uiweke popote. Fizikia ya kwanta ilitikisa mambo mengine: John Bell mwaka 1964, kisha Kochen na Specker mwaka 1967, walionyesha kwamba huwezi kuichukulia chembe kana kwamba majibu ya vipimo vyote yalishaandikwa ndani yake, yakingoja kusomwa tu. Majaribio yaliyofuata ndiyo yaliyowapa Aspect, Clauser na Zeilinger tuzo ya Nobel mwaka 2022. Mwanafizikia Carlo Rovelli, tangu 1996, anasema hali ya chembe daima ni hali kwa mtazamo wa kitu kingine. Namsikiliza, lakini hata kwake chaji ya elektroni inabaki ya elektroni.

Sasa nije kwa jirani yako wa pili, huyu wa darasa la jioni.

Edgar Codd, aliyekuwa kampuni ya kompyuta ya IBM, alipoandika mwaka 1970 juu ya kupanga data, aliazima neno la hisabati. Nakushauri tuliite relesheni, ili tusipotezane. Relesheni ni jedwali. Kila mstari unafunga pamoja thamani kadhaa: namba ya robota, tarehe, kilo. Watu wengi, na walimu wamo, hudhani jina limetokana na mishale inayounganisha jedwali na jedwali. Sivyo. Jedwali moja pweke lisiloungwa na chochote ni relesheni kamili. Hata orodha ya safu wima moja, tuseme namba za marobota yaliyolowa, ni relesheni, ya nafasi moja. Unaona kichekesho? Ile sifa ambayo mwanafalsafa anaiita isiyo ya uhusiano, kwa Codd ni relesheni kama nyingine, ila fupi.

Na "zisizo za relesheni" ni jina la kapu. Ndani yake mna za kabla ya Codd, kama mfumo wa IBM uliopangwa kama mti na uliotengenezwa miaka ya 1960 kwa ajili ya safari za Apollo. Mna za baadaye: Bigtable ya Google iliyoelezwa 2006, Dynamo ya Amazon 2007, MongoDB 2009. Nyingine zinaweka funguo na thamani tu, nyingine zinaweka kila kitu ndani ya hati moja kama bahasha. Na humohumo kapuni wametia kanzidata za grafu, ambazo kazi yake kubwa ni kutunza nani ameungana na nani. Yaani kanzidata yenye uhusiano kuliko zote inaitwa isiyo ya uhusiano. Jina linalosema tu kitu si nini halikusaidii, ni kama kumtambulisha mgeni kwa kusema "huyu si Mdigo".

Mahali pamoja tu naona majirani hawa wawili wakipeana mkono. Ukichagua mtindo wa bahasha, robota moja na habari zake zote ndani, bei nayo itaingia bahashani, na jina la mnunuzi, na daraja. Kompyuta haitalalamika. Lakini karani atakayekuja baada yako atafungua bahasha na kuona bei imelala kando ya tungamo kana kwamba zimezaliwa pamoja. Nadhani ndiko alikonaswa mwenzako.

Wenye mantiki wana matokeo juu ya hili ambayo hunistaajabisha kila nikiyakumbuka. Tuseme lugha yako ina viarifu vya nafasi moja tu: robota ni jeupe, robota ni kavu, robota ni refu. Kwa maswali matatu hayo unapata aina nane za vitu, basi. Löwenheim alionyesha mwaka 1915 kwamba katika lugha ya namna hii upo utaratibu wa hakika wa kuamua kama sentensi yoyote ni kweli ya kimantiki au la, na leo mashine ingeufuata. Ongeza kiarifu kimoja tu cha nafasi mbili, "x anafanya hivi kwa y", bila kukiwekea masharti, na utaratibu huo haupatikani tena. Msingi wa jambo hilo uliwekwa na Church na Turing mwaka 1936. Kwa hiyo mtu anayependa kuigeuza dunia iwe sifa za nafasi moja si mjinga. Anakimbilia mahali ambapo hesabu zinamalizika. Shida ni kwamba anakotoka ndiko tunakoishi.

Nje ya hesabu, mfano wenye damu ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu. Tofauti yenyewe iko ndani ya molekuli ya himoglobini, mahali pamoja: nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, palipotakiwa kuwa na asidi glutamiki pana valini. Hiyo ni sifa ya molekuli yenyewe, ungeikuta hata angani. Lakini ni jeni mbaya? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki unaoonyesha kwamba aliyerithi nakala moja ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Aliyerithi mbili anaugua. Basi "ubaya" wa jeni hiyo unategemea imekaa na nakala gani ya pili, na unategemea mbu. Kwenye tambarare za Muheza ilikuwa na faida ambayo kwenye baridi ya Lushoto, mbu wakiwa haba, inapungua, na molekuli ni ileile haijabadilika kwa kupanda mlima. Kila unaposikia "jeni nzuri" au "jeni mbaya", tafuta nafasi iliyofutwa.

Katika mambo ya ulemavu ubishi huu umeingia mpaka kwenye sheria. Mtazamo wa zamani, unaoitwa modeli ya kitabibu, uliuweka ulemavu wote mwilini mwa mtu. Uingereza miaka ya 1970, na hasa baada ya Mike Oliver kuipa jina modeli ya kijamii mwaka 1983, watu wenye ulemavu wenyewe wakasema: mlemavu ni mtu pamoja na ngazi isiyo na mteremko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 unauelekeza ulemavu kwenye kukutana kwa mtu na vizuizi, Tanzania iliuridhia 2009, na sheria yetu ya watu wenye ulemavu ni ya 2010. Naiunga mkono modeli hiyo, ila si kwa asilimia mia. Maumivu ya mgongo ya saa tisa za usiku hayaondoki kwa kujengewa mteremko. Yako palepale hata mtu akiwa peke yake duniani, na kuyaita ya kijamii ni kufanya kosa lile lile kwa upande wa pili.

Isimu naipita haraka. Saussure, mwanaisimu wa Uswisi, alifundisha, na mihadhara yake ikachapishwa 1916, kwamba thamani ya neno iko katika kupakana kwake na mengine. Sisi hatuhitaji mihadhara. Mchele ni mchele kwa sababu upande mmoja umezuiwa na mpunga na upande wa pili umezuiwa na wali. Mgeni ambaye kwao vyote vitatu ni neno moja atakuambia amekula mchele jana, na utamhurumia.

Turudi stoo. Bei umeshinda, sina la kuongeza. Daraja ndilo gumu, na mwenzako ana nusu ya haki. Urefu wa singa, ukavu na usafi wake ni vya singa. Daraja ni jibu linalopatikana pale mkaguzi anapozikutanisha singa hizo na kanuni ya madaraja. Kanuni ikiandikwa upya mwezi ujao, robota la daraja la kwanza linaweza kuamka likiwa 3L, daraja la chini yake, bila kusogezwa. Kwa hiyo ni uhusiano. Hata hivyo daraja si kama bei. Ukishaishikilia kanuni moja, marobota mawili yanayofanana kila kitu kwa ndani lazima yapate daraja moja, la sivyo mkaguzi kakosea au kala. Bei haina lazima hiyo. Leo mnunuzi ana haraka, kesho hana.

Ningefanya hivi. Jedwali la marobota: namba, kilo, unyevu wa siku ya kupima, urefu wa singa, rangi. Jedwali la ukaguzi: namba ya robota, kanuni iliyotumika, mkaguzi, tarehe, daraja, ili robota likikaguliwa mara mbili mistari iwe miwili na asiwepo wa kufuta ya kwanza. Jedwali la mauzo: namba ya robota, mnunuzi, tarehe, bei, na sarafu, tafadhali msisahau sarafu. Mkitaka mtindo wa bahasha, sawa, lakini bahasha ziwe tatu.

Rangi nimeiacha kwa robota nikijua kuna watakaonishika shati. Mwanafalsafa John Locke angedai rangi haiko kwenye singa, iko kati ya singa, mwanga na jicho. Mkaguzi wenu anayezitazama singa dirishani hana muda na Locke. Ila pale kwenye jedwali la ukaguzi ongezeni safu ndogo ya saa, maana nyeupe ya saa nne asubuhi na nyeupe ya saa kumi na mbili jioni, chini ya taa ile ya stoo, nimeshaziona zikigombanisha watu.